Msiba Usiokuwepo

Eufrazia alimtambua kwa mwendo kabla hajaiona sura. Mwanamke aliyependa kweli hahitaji uso. Bega linamtosha, na bega la kushoto la Ernest lilikuwa limeinama tangu ujana wake wa kubeba nondo kule Kihonda, Morogoro mjini. Alikuwa bado mbali chini, kwenye njia inayokatiza matuta ya kabichi, akipanda kwa taabu kama wanavyopanda watu wote wa mjini wakifika Mgeta: kidogo anatembea, kidogo anasimama kujifanya anatazama mabonde. Begani alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia.

Sinia la njegere lilimteleza Eufrazia mapajani, punje zikatawanyika uani na kuku wakazikimbilia. Hata hakuwafukuza.

"Yesu na Maria," alisema. "Leo nimepatikana."

Ndani ya nyumba, kwenye kitanda cha mama yake, alikuwa amelala mtoto wa kike wa miezi kumi, mwenye meno mawili ya chini na mashavu yaliyoumuka kama maandazi. Alikuwa katika ule usingizi wa mchana ambao mtoto aliyeshiba hata ukimpigia kengele ya misheni hashtuki. Mtoto huyo alikuwa wa Ernest. Na Ernest, aliyekuwa akiupanda mlima ule na gunia lake, alijua kwamba mtoto wake alikufa siku aliyozaliwa. Alijua hivyo kwa sababu Eufrazia mwenyewe ndiye aliyempelekea neno hilo.

Usimhukumu haraka, msomaji. Hukumu ipo na itafika, lakini kwanza ujue kilichomsukuma.

Mwaka uliotangulia, mimba ikiwa na miezi mitano, mama mkwe wake ndiye aliyeng'ang'ania waende kupima. Siku hizo mambo mapya yalikuwa yakimiminika Morogoro: mitumba ya kila namna, sabuni za kila rangi, televisheni ndani ya baa. Kulikuwa pia na zahanati mpya ya daktari wa binafsi, yenye mashine ya altrasaundi inayomwonyesha mtoto angali tumboni. Mama Ernest hakuwa mtu wa kupitwa. Majirani wote walikwisha kutangaziwa kabla hata ya kuondoka nyumbani. Ernest alitaka kuingia na mkewe, lakini mama yake alimwonyesha benchi la nje.

"Kaa hapo. Huko ndani ni mambo ya wanawake."

Naye akakaa.

Daktari alikuwa mzee mpole aliyeitwa Dadi. Alipitisha kifaa chake tumboni, akanyamaza kidogo, kisha akasema anaona vifuko viwili vidogo vya maji ndani ya ubongo wa mtoto. Mama Ernest alisimama palepale. Daktari hakuwa amemaliza. Alisema watoto wengine huwa navyo, na mara nyingi huyeyuka vyenyewe kabla ya kuzaliwa. Alisema moyo anauona sawa, na vidole mtoto anavikunja na kuvikunjua vizuri. Alisema warudi baada ya wiki nane waangalie tena. Lakini Mama Ernest alikuwa ameshaufikia mlango, na aliyoyasikia yalimtosha. Kufika jioni, Kihonda yote ilijua kwamba mke wa Ernest amebeba mtoto wa kichwa maji, na kwamba ugonjwa huo hautoki upande wa Ernest.

Eufrazia alimweleza mumewe kila neno la daktari. Ernest alimsikiliza, akamtazama kwa yale macho yake ya huruma, akasema, "Mama anasema daktari alikuwa anakufariji tu."

Habari haikai chini. Mjomba Severini aliteremka kutoka mlimani, maana kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye sauti. Kikao kikakaa. Mjomba alimgeukia Ernest mbele ya wote akamwuliza, "Baba, mkeo unamtaka, au tumchukue mtoto wetu?" Akauliza tena. Akarudia tena. Ernest aliinamisha kichwa akatazama zulia. Eufrazia akaenda kufunga nguo zake, na hakuna aliyemzuia.

Zile wiki nane zilipotimia, mjomba alimrudisha kwa daktari. Vifuko havikuwepo. Vilikuwa vimekwenda zao kimya kimya, kama mzee Dadi alivyosema. Siku ile Eufrazia alisimama stendi ya mjini na furaha imemjaa mpaka kooni, na Kihonda haikuwa mbali. Angeweza kwenda. Lakini moyo ukamwambia: wao ndio waliokutupa, wao ndio watakaokufuata. Akapanda gari la Mgeta.

Januari mtoto akazaliwa kwa masista, mzima, akalia mpaka manesi wakacheka. Eufrazia akasubiri. Kihonda kimya. Siku moja Kristina, mwenzake wa toka shuleni ambaye alikuwa akipeleka kabichi soko la mjini, alipita kumuaga, akauliza kama ana salamu. Hapo ndipo shetani alipompitia.

"Mwambie Ernest mtoto hayupo. Alizaliwa, lakini hayupo."

"Frazia! Neno hilo halichezewi."

"Mwambie hivyohivyo."

Hesabu yake ilikuwa hii. Kule kwao msiba hauna ugomvi. Mmegombana mpaka salamu hampeani, lakini mwenzako akifiwa unakwenda, unakaa chini, unalia naye, na asiyekwenda si mtu. Kwa hiyo alijua Ernest akisikia tu atapanda mlima akikimbia, afike analia, amkute mwanawe mzima mikononi mwa mama yake, na hapo makosa yote yasameheke kwa mpigo. Alifagia uwanja kila asubuhi. Alimvalisha mtoto shali nyeupe. Alingoja mpaka shali ikawa fupi. Ernest hakuja. Kristina naye alishikwa na haya, akahamishia biashara yake Dar es Salaam, na uongo ukabaki Kihonda ukiishi kama kweli. Kuufuta kulihitaji mtu ashuke akasema, "Nilidanganya kifo," na kadiri miezi ilivyosogea ndivyo mlima ulivyozidi kuwa mrefu. Mama yake hakujua. Mjomba hakujua.

Na sasa mwenyewe huyo, amefika uani.

"Hodi hapa."

"Karibu."

Walisimama wakitazamana. Alikuwa amekonda kidogo, na mvi moja ilikuwa imechomoza juu ya sikio, mapema mno kwa umri wake. Eufrazia aliuhisi mkono wake ukitaka kwenda kuing'oa mvi ile kama zamani, akaushika kwa mkono wa pili.

"Mama yupo nimwamkie?"

"Yuko bustani ya bondeni. Mpaka jua lipoe."

"Na mjomba?"

"Kapeleka mzigo Nyandira."

Ernest alivuta pumzi ya mtu aliyepunguziwa jambo moja. Eufrazia alimletea kigoda akakiweka nje, chini ya ukingo wa paa. Mgeni aliyetoka mbali hawekwi nje, na wote wawili walilijua hilo, lakini Ernest alikaa bila kulalamika kama mtu anayeona ndiyo stahili yake. Eufrazia aliingia kumchotea maji. Alimtazama mtoto. Alikuwa amelala kifudifudi, makalio juu. Alitoka akaurudishia mlango taratibu sana.

"Umekondeana, Frazia."

"Wewe je?"

"Mimi kazi. Watu wanajenga, kila mtu anataka geti." Alikunywa maji yote, akaweka kikombe chini. "Sikuja kukusumbua. Nimekuja na jambo moja, nikilimaliza nateremka."

Alifungua gunia. Ndani yake ulikuwamo msalaba wa chuma, mfupi, umepakwa rangi nyeupe, na kwenye ncha zake alikuwa amekunja maua yaleyale anayokunja kwenye madirisha ya matajiri. Alikuwa amewekea kila ua uangalifu ambao matajiri wale hawakuupata. Katikati palikuwa na kibati kitupu.

"Ni mwezi wa marehemu," alisema. "Kanisani kwetu kila mtu anaandika majina ya watu wake, yasomwe. Mimi nakaa na kalamu. Sina jina la kuandika. Nikasema angalau nimtengenezee msalaba. Hapa nimeacha nafasi. Nitajie jina kama ulimpa, nimechukua rangi na brashi. Halafu unionyeshe alipolala. Basi."

Eufrazia alitafuta la kusema. Akashika la kwanza lililokuwa karibu, na la karibu kuliko yote lilikuwa hasira.

"Leo ndiyo umejua njia? Ile siku ulikuwa wapi?"

"Niliposikia nilivaa viatu."

"Enhe?"

"Mama akasimama mlangoni. Akasema kwetu mtoto aliyezaliwa hana pumzi huzikwa na wanawake. Mwanamume haendi, matanga hayakai. Akasema ukienda utajifungia kizazi. Nikavua viatu."

"Ukavua viatu."

"Nikavua, Frazia. Nikaingia karakana nikachomelea geti la watu, nimelia mpaka sioni moto. Wakasema ni yale macho ya mafundi, yanayoumizwa na moto wa kuchomelea."

Eufrazia alikaa juu ya jiwe la kunolea. Miezi yote ile alikuwa amesema moyoni, hata msibani hakuja, hata msibani! Kumbe kwao hakukuwa na msiba wa kuja.

"Na kikaoni?" aliuliza, sasa kwa sauti ya chini. "Mjomba alikuuliza, akarudia, na tena akarudia. Ulikuwa na ulimi."

"Kwetu kijana hajibu wazee wakiwa wamekaa. Anasemewa. Baba mdogo Amosi ndiye aliyekuwa msemaji wangu. Nilimkanyaga mguu chini ya meza aseme tunamtaka. Akamtazama mama. Akanyamaza."

"Kwetu mwanamume akiulizwa na mjomba akanyamaza, amemrudisha mke."

"Sikujua hilo."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza," alikubali. "Na wewe hukuniambia. Ulikwenda ukafunga nguo. Nilidhani umechoka na sisi."

Hilo lilimpata Eufrazia mahali ambapo hakuwa na ngao. Ni kweli hakumwambia. Alikuwa amekaa chumbani na sanduku wazi muda mrefu kuliko ulivyohitajika, akingoja mlango ufunguliwe, wakati upande wa pili wa mlango mwenzake naye alikuwa akingoja usifungwe. Wapumbavu wawili, na walipendana kuliko watu wote wa mtaa ule.

Alitaka kumwambia sasa. Neno lilikuwa tayari. Ndipo alipoiona pete. Alikuwa ameificha chini ya masizi ya kazi, lakini dhahabu ni dhahabu.

"Umeoa," alisema.

Ernest aliutazama mkono wake kana kwamba umemsaliti.

"Baada ya Pasaka. Kanisani, si kimila kama mimi na wewe. Anaitwa Pendo, kwao Mafiga. Mama ndiye aliyekwenda kuposa. Sikuwa na cha kumkatalia. Wewe ulikwishaondoka, mtoto hayupo. Ningesema namngoja nani?"

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema."

"Sikukuuliza wema."

"Frazia," alisema polepole, "usiniulize hilo nimevaa pete."

Upepo ulishuka kutoka msituni ukaleta harufu ya mbolea na majani ya vitunguu. Kichwani mwa Eufrazia shauri baya lilikuja likakaa. Amwambie ili iwe nini? Ndoa ya kanisani haifunguliwi kama fundo la kanga. Nyuma ya nyumba, kando ya migomba, palikuwa na makaburi ya ukoo, na udongo haukosi tuta. Angemwonyesha lolote. Ernest angesimika msalaba wake, angesali, angeteremka kabla mtoto hajaamka, naye angeishi na mke wake mwema kwa amani. Huo si ndio upendo? Ndivyo alivyojidanganya, na miguu ikamfuata.

"Njoo," alisema.

Walizunguka nyumba. Ernest alibeba msalaba mikononi sasa, si begani. Penye migomba Eufrazia alisimama mbele ya tuta dogo lililoota nyasi, ambalo hata yeye hakujua ni la nani, akanyoosha kidole. Ernest alivua kofia. Alipiga magoti, akaanza kung'oa nyasi kwa vidole, moja moja, kama mtu anayemtoa mwanawe uchafu kwenye nywele.

"Aliumia?" aliuliza bila kugeuka. "Kichwa kilikuwa kikubwa kama walivyosema? Niambie kweli. Mimi kila nikilala namwona na kichwa kikubwa, ananitafuta, hawezi kukiinua."

"Ernest, inuka."

"Niambie tu."

"Inuka, nasema! Inuka hapo!" Alimshika shati mgongoni akamvuta kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika. "Hakuna kaburi. Sikia. Hakuna kaburi, hakuna aliyekufa. Nilidanganya. Mtoto yupo. Amelala ndani."

Ernest alibaki amepiga magoti na nyasi mkononi. Alimtazama kama anayesemeshwa lugha ya ugenini. Eufrazia hakungoja amwelewe. Alikimbia ndani, akamnyanyua mtoto na usingizi wake, akatoka naye akampakatisha baba yake palepale kwenye udongo. Mtoto alifumbua macho, akamwona mwanamume asiyemjua, akafikiria kulia, akaghairi. Badala yake alishika pua ya Ernest akaiminya.

Ernest alikipitisha kiganja chake kichwani pa mtoto. Kilikuwa kiganja cha fundi, kigumu, chenye makovu ya cheche, na kilikwenda taratibu kutoka paji la uso mpaka kisogoni, kikarudi utosini, kikatulia hapo.

"Kichwa chake kiko sawa," alisema.

"Viliyeyuka. Kama alivyosema daktari. Havikuwepo hata kabla hajazaliwa."

"Anaitwa nani?"

"Magdalena."

Ernest aliinua uso. "Umempa jina la mama?"

"Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, lakini jina hutoka kwa baba. Na kwenu jina la mwanamke nililolijua ni hilo moja." Eufrazia alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Sikutaka akose cha kwenu."

Hapo ndipo mwanamume yule alipolia. Alilia bila kuficha, mtoto kifuani, na mtoto akamtazama kwa mshangao mkubwa, akapigapiga machozi yale kwa kiganja. Yalipoisha machozi, hasira ikaingia mahali pake, kama Eufrazia alivyojua itaingia.

"Miezi kumi! Nimemzika kila usiku miezi kumi, Frazia!"

"Nilidhani utakuja kuzika. Ungekuja siku ile ungemkuta."

"Kwa hiyo ulinitega."

"Nilikutega."

"Mama yangu alinikosea, mimi nilikukosea, sawa. Lakini mtego gani huo, mtu unamtega kwa kifo cha mwanawe? Ungeniita kwa jina langu tu ningekuja. Ungesema 'Ernest, njoo', ningetoka peku, na mama mlangoni angepisha."

"Ungekuja?"

Alifikiri. Ernest hakuwa mwongo, na wakati ule Eufrazia alitamani angekuwa.

"Sijui," alisema mwishowe. "Nataka kusema ningekuja."

Mtoto alitaka kushuka. Ernest alimweka chini, wakamtazama akitambaa kuelekea kwenye msalaba, akakaa mbele yake akaanza kuyavuta maua ya chuma na kuyapigia kelele. Eufrazia hakuweza kuvumilia kuiona ile picha. Alimwondoa.

"Upeleke pale kwa bibi," alisema. "Bibi yangu hana msalaba. Atafurahi."

Ernest aliusimika kwa bibi, akaukandamiza kwa mawe. Kazi ile ilimtuliza. Aliporudi alimchukua mtoto tena bila kuomba, akakaa naye chini ya mgomba, na Eufrazia akakaa upande wa pili. Mtu aliyepita njiani angesema ni mume na mke wamepumzika kutoka shamba.

"Twende nyumbani," Ernest alisema ghafla.

"Nyumba ipi?"

Ernest aliinamisha uso kwenye nywele za mtoto. Kuna maswali ambayo mtu anayauliza ili mwenzake ayasikie, si ayajibu.

"Utamwona unapotaka," alimwambia. "Wewe ni baba yake. Mama na mjomba nitawaambia mwenyewe niliyoyafanya. Wakinipiga, nimestahili. Na Pendo umwambie leo, asije akasikia sokoni."

"Nitamwambia." Alimhamishia mtoto kwenye goti la pili. Alikuwa na jambo jingine. Eufrazia aliliona kwenye lile bega, lilikuwa limezidi kuinama. "Frazia. Pendo ana mimba."

Ilikuwa haki ya Pendo na haki ya kila mke. Hata hivyo habari hiyo ilimkata.

"Ya miezi mingapi?"

"Mitano. Mama anasema Jumatatu atampeleka kwenye kipimo. Kwa daktari yuleyule. Tangu aliposema hivyo silali. Naliona lile benchi. Hakuna mtu ninayeweza kumwuliza ila wewe. Nifanye nini?"

Jibu lilimfika Eufrazia ulimini, tayari, kali kama pilipili: kamwulize mama yako. Alilimeza. Alikuwa ameshaharibu ya kutosha kwa ulimi.

"Jumatatu uingie," alisema. "Mama yako akikuonyesha benchi, usikae. Ingia na mkeo mpaka ndani, umshike mkono. Yale mafuta wanayompaka mtu tumboni ni ya baridi, na chumba wanakitia giza, na mtu unaogopa. Daktari akinyamaza usishtuke, ananyamaza kwa wote, anatazama. Akianza kusema, msikilize mpaka amalize. Usitoke kabla hajamaliza."

"Na akiona kitu?"

"Akiona kitu, mwambie Pendo palepale, kabla hajashuka kitandani, kwamba mtoto ni wako na yeye ni wako, kifuko kiwepo kisiwepo. Usingoje mfike nyumbani. Usingoje kikao, usingoje baba mdogo. Mwanamke akitoka kwenye mlango ule hajaambiwa hivyo, Ernest, ameshakuacha, hata kama bado anakupikia."

"Nitamwambia."

"Umwambie kwa maneno. Si kwa macho. Macho yako mimi niliyaelewa siku zote, na siku ile hayakunifaa."

Ernest alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayekariri ili asisahau. Alimbusu mtoto utosini, akamrudisha kwa mama yake, na vidole vyao vikagusana chini ya mgongo wa mtoto vikachelewa kidogo kuachana. Kisha akachukua gunia lake tupu akateremka.

Eufrazia alisimama kwenye ukingo wa uwanja na mtoto kiunoni. Safari hii Ernest hakusimama kutazama mabonde. Alishuka haraka, kama mtu aliyetumwa. Atafanya vyote, hakuwa na shaka. Ernest alikuwa mtu wa kutii, alihitaji tu mtu wa kumwambia lililo jema, na katika ndoa yao yote Eufrazia hakuwahi kumwambia. Alingoja alijue mwenyewe. Na maneno yale yalikuwa yake yeye. Ndiyo aliyotaka kuyasikia juu ya kitanda kile cha daktari, tumbo likiwa na baridi ya mafuta, na hakuyasikia. Jumatatu yatasemwa, yote, bila kupungua hata moja, na atakayeyasikia ni Pendo.